Kidole cha Nang Tiva

Primitiva Garingalao hakuwahi kuamini kwamba kitu ni kitupu mpaka akitie kidole. Ukimwambia sufuria halina wali, atafunua, ataangalia, atapitisha kidole chini, kisha ataangalia tena. Marehemu mumewe, Isko, alipomletea pete ya uchumba ndani ya kikasha, binti wa watu alikifungua, akaitoa pete, kisha akatia kidole kwenye kikasha kuhakikisha hakuna kingine kilichobaki. Isko alicheka mpaka akasahau maneno matamu aliyokuwa ameyakariri.

Tabia hiyo ilitoka kazini. Nang Tiva, kama mji mzima ulivyomwita kwa heshima ya dada mkubwa, alikuwa sajenti wa polisi na mtunza silaha katika kituo cha mji mdogo wa pwani ya Iloilo, kule Ufilipino. Hakuna bastola ya kituo iliyotoka wala kurudi ghalani bila kupita mikononi mwake, na hakuna askari mpya aliyekabidhiwa ya kwake kabla hajasomeshwa darasa lake, ambalo lilihusu zaidi tumbo na koo.

"Magazini, hiki kikasha cha risasi, ni tumbo," aliwaambia. "Tumbo likiwa ndani, bastola imeshiba. Ukilitoa, unadhani ina njaa. Haina njaa! Kooni kumebaki tonge, risasi moja. Tonge hilo ndilo limewazika wajinga wengi. Sasa, huu wa juu unaorudi nyuma ni mgongo. Unaanza na nini?"

"Tumbo, Nang!"

"Halafu?"

"Mgongo, Nang!"

"Ukianza na mgongo?"

"Tumbo linapandisha tonge jipya, Nang!"

"Na wewe unalitoa tumbo unajidai umemaliza, kumbe umebeba mauti. Tumbo kwanza, mgongo baadaye. Tonge litaruka nje. Angalia. Tia kidole. Angalia tena."

Vijana walipenda kubishana naye, maana kubishana naye kulikuwa burudani. Mmoja angesema, "Lakini Nang, hapa ubavuni ina kitasa cha usalama." Naye angejibu, "Hata mlango wa kanisa una kitasa, na vinara vimeibwa mara ngapi?" Mwingine angesema, "Ndani ina kizuizi, haipigi mpaka uvute triga." "Na kidole chako kina kizuizi? Kiweke nje ya triga, kinyooke ubavuni." "Na hii alama nyekundu, Nang, inayochomoza risasi ikiwa kooni?" Hapo angetabasamu kidogo. "Hiyo naipenda. Inasema kweli. Lakini gizani nyekundu inafanana na nyeusi. Tia kidole."

Kwa hiyo alivichukulia vitasa na vizuizi vyote kama mashemeji: wazuri kuwa nao, ila huwaachii nyumba. Kitu alichokichukia kwa moyo wote kilikuwa selotepu.

Miaka ile, ili polisi wasipige risasi hewani kusherehekea Mwaka Mpya, amri ilitoka juu kwamba mdomo wa kila bastola uzibwe kwa selotepu ya karatasi na mkuu wa kituo aweke saini yake juu yake. Asubuhi ya Mwaka Mpya saini ikaguliwe, na iwe nzima. Ilikuwa shughuli yenye Padre na maji ya baraka na mpiga picha. Tatizo, kwa macho ya Nang Tiva, ni kwamba bastola ikishazibwa mdomo watu wazima waliigeuza kitu cha kuchezea. Mmoja alijikunia mgongo. Mwingine alikandamizia karata zisipeperushwe na feni. Koplo mmoja alimwelekezea yake nguruwe wa kuchoma wa sikukuu akamwambia, "Mikono juu!" Nguruwe hakuinua mikono, na wote walicheka isipokuwa mtu mmoja.

Mwaka ule Nang Tiva alishindwa kujizuia. Mkuu wa kituo, Kapteni Gabinete, ambaye kila mtu alimwita Hepe, alikuwa akisaini mdomo wa bastola ya mwisho mbele ya Padre. Hepe alikuwa mtu mwema, mnene, asiye na majivuno ila kwa jambo moja tu: saini yake. Herufi ya G ilizunguka mara kadhaa kama kamba ya ng'ombe kabla ya kukubali kuwa G.

"Hepe," alisema Nang Tiva, "selotepu haizuii risasi. Inaziba akili."

Padre alicheka. Kama Padre asingecheka, Hepe angemezea. Lakini alicheka, tena kwa sauti, na mpiga picha naye akafuata.

"Sikilizeni wote," alisema Hepe, amekuwa mwekundu. "Atakayekutwa na selotepu iliyotoboka, faili lake linakwenda mkoani siku hiyohiyo. Hata awe mama yangu mzazi. Hata awe mtunza silaha!"

Kila mtu alielewa. Nang Tiva alikuwa anastaafu mwisho wa Februari, na askari mwenye kesi iliyo wazi hapewi kiinua mgongo mpaka ifungwe. Kesi za mkoani hazikuwa na haraka ya kufungwa. Kulikuwa na sajenti mmoja ambaye kesi yake ilifunguliwa mwaka aliobatizwa binti yake, na binti akaolewa baba akiwa bado anasubiri barua. Nang Tiva alikuwa ameshapanga kufungua kibanda cha batchoy, tambi za supu ya mifupa, mbele ya nyumba aliyoachiwa na Isko. Sufuria kubwa alikuwa ameshanunua, na dukani alilitia mkono mzima hadi begani mbele ya muuzaji aliyekodoa macho.

Sasa sikia alivyojiponza, maana jambo hili lisingempata mtu mzembe hata kidogo.

Siku ya mwisho ya mwaka, mchana, alikaa jikoni kwake kuisafisha bastola yake, kama alivyofanya kila mwisho wa mwaka, kwa sababu hakupenda kuvuka mwaka na uchafu. Alitoa tumbo. Akavuta mgongo, tonge likaruka, akalipeleka pamoja na magazini chumbani na kufunga mlango. Akaangalia, akatia kidole, akaangalia tena. Alikuwa akiimba. Akaifungua bastola vipande vipande, akaushika mtutu peke yake, akafunga kitambaa cheupe chenye mafuta kwenye fimbo ya kusafishia, akaiingiza kwa nyuma, upande wa kooni, kama inavyotakiwa, na kuisukuma mpaka mwisho, kama inavyotakiwa.

Pu!

Aliacha kuimba. Kule mbele, katikati kabisa ya ile G ya Hepe, kitambaa cheupe kilikuwa kimechomoza kama ulimi wa mtoto mtundu. Alikuwa amesahau selotepu. Alikumbuka koo, alikumbuka tumbo, alikumbuka mgongo, lakini ile takataka hakuwahi kuihesabu kuwa sehemu ya bastola, na akaisahau.

Aliuvuta ulimi ule taratibu, akatazama. Tundu duara, kingo zimegeukia nje. Mtu yeyote mwenye macho angesema risasi imepita hapo. Nang Tiva aliulaza mtutu mezani. Aliliona sufuria lake kubwa limekaa pembeni likimkodolea, likimwambia mimi sina haraka.

Ndipo akaingia shemeji yake, Koplo Teryo, mdogo wake Isko, amebeba sahani ya biko, ule wali wa kunata uliopikwa kwa tui na sukari nyeusi, ambao nyumba haiwezi kuuingia Mwaka Mpya bila kuwa nao, ili bahati ing'ang'anie. Teryo alitazama mtutu. Akamtazama shemeji yake. Akaiweka sahani mezani kwa uangalifu mkubwa, akakaa sakafuni, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Cheka, cheka," alisema Nang Tiva. "Mungu anakuona."

"Shemeji... shemeji umempiga nani?"

"Nimepiga kitambaa!"

"Wewe! Wewe uliyeninyima bastola msimu mzima wa mvua kwa sababu niliishika kama mwiko! Ngoja niwaite wenzangu."

"Ukitoka mlango huo nitamwambia mkeo nani alimfundisha kasuku wake kutukana."

Teryo aliacha kucheka. Walikaa wakafikiri pamoja. Teryo alisema saini ya Hepe anaijua vizuri mno, ruhusa zake za kwenda kwenye mapigano ya majogoo zilisainiwa na Hepe ambaye hakuwahi kuziona. Angebandika selotepu mpya na kuisaini mwenyewe, na Hepe angeisifia.

"Kughushi ni kosa," alisema Nang Tiva.

"Na kutoboa?"

"Kutoboa ni bahati mbaya. Na kurudishia kilichotoboka..." Alisita, akaitazama sahani. "Kurudishia ni ukarabati."

Gundi haikuwapo, na maduka yalikuwa yamefungwa. Walichukua kibanio cha nyusi, wakazirudisha zile kingo moja moja mahali pake, na kwa ndani Nang Tiva akapaka biko kwa ncha ya kidole, kidole kilekile. G ikaunganika. Ilikuwa imenenepa kidogo, lakini na mwenyewe alikuwa mnene. Kabla ya kuirudisha bastola kwenye ala, mkoba wake wa kiunoni, aliiomba radhi kimoyomoyo kwa kuilisha sukari. Akaiacha ala juu ya meza, karibu na sahani. Hilo lilikuwa kosa la pili.

Asubuhi ya Mwaka Mpya walijipanga uani kituoni, mbele ya pipa la mchanga. Pipa hilo lilikuwa la Nang Tiva: hapo ndipo kila bastola ilielekezwa mdomo wakati wa kutolewa risasi, ili ikiteleza iuumize mchanga. Siku zote ukaguzi ulianzia hapo. Lakini Hepe alikuwa na macho ya mtu aliyelala nusu, na jua lilishaanza kuchoma.

"Toeni magazini, inatosha," alisema. "Zimezibwa hizi. Zitapiga wapi? Nguruwe anapoa nyumbani."

Wote walimtazama Nang Tiva, wakisubiri apinge, maana hata jogoo wa jirani alijua atapinga. Nang Tiva alitazama mbele, akanyamaza. Biko ilikuwa inalainika, na kupita kwenye pipa mmoja mmoja kungemaliza asubuhi nzima. Alinyamaza, na aliona aibu. Aibu ile ilimkaa kooni kama tonge lile alilolihubiri maisha yake yote.

Alichomoa bastola yake. Mdomoni kulikuwa na sisimizi.

Hawakuwa wengi. Walikuwa wameizunguka G kwa utaratibu, kila mmoja na kipande chake. Nang Tiva alipuliza pole pole, kama anayepoza uji. Walijishikilia. Kule kwenye mstari Teryo alimwona anapuliza bastola, akaanza kutetemeka mabega kwa kicheko.

Hepe alianza ukaguzi. Na namna yenyewe ya kukagua ilikuwa hii: kwa kuwa saini ilikuwa mdomoni mwa bastola, na macho yake yalikuwa mabovu, alisimama mbele ya kila askari, akainama, akaleta jicho lake la kulia kiasi cha kiganja kutoka kwenye mdomo wa mtutu, na kuisoma. "Nzuri," alisema. "Nzuri." Akahamia kwa mwingine. Kila alipoinama Nang Tiva alipuliza, na kila aliponyanyuka aliacha, na sisimizi wakaendelea na kazi.

Alimpita Teryo. Alibaki kijana mmoja kabla ya Nang Tiva, Konstebo Joven Gumban, aliyekesha zamu ya sokoni na ambaye macho yake yalikuwa yanafumba yenyewe. Magazini alikuwa ameishika mkono wa kushoto, kama wote. Bastola mkono wa kulia. Na kidole chake, kwa kuwa imezibwa na haina tumbo na ya nini kujisumbua, kilikuwa kimelala juu ya triga.

Ubavuni, kando ya tundu la kutokea maganda, alama nyekundu ilikuwa imechomoza.

Hepe alianza kuinama.

Nang Tiva aliona yote kwa pamoja: nyekundu, kidole, jicho. Aliona pia kwamba huenda kitasa kimefungwa, na kwamba ndani kuna kizuizi, na kwamba kijana huenda asibane, na kwamba baada ya "Nzuri" moja tu Hepe angemfikia yeye akiwa na njaa na haraka, na sufuria lingepata moto. Ilitosha kunyamaza tena. Alishanyamaza mara moja asubuhi ile, na dunia ilikuwa inaendelea.

"ACHA!"

Katika mji ule watu husemezana kwa sauti laini. Hata wakigombana utadhani wanambembeleza mtoto ale. Hakuna aliyewahi kumsikia Nang Tiva akipiga kelele. Mbwa wa kituo aliingia chini ya gari. Hepe alibaki ameinama vilevile, mkono mmoja gotini.

"Hepe, pembeni. Kushoto. Joven, mwanangu, kidole nje. Nje! Kinyooshe. Vizuri. Usigeuke kwangu. Mdomo uende kwenye pipa, taratibu, mguu kwa mguu." Alikuwa ameshairudisha yake kwenye ala, sisimizi na wote, na alikuwa kando ya kijana akimwongoza kwa kiwiko. "Umefika. Sasa vuta mgongo."

Joven alivuta. Risasi ikaruka juu, ikang'aa, ikaanguka kwenye sementi, tii!, ikabingirika mbele ya askari wote na kusimama kwenye kiatu cha Hepe.

Hepe aliiokota. Aliishika kati ya vidole viwili, na mkono mwingine, bila kujua, ukapanda mpaka kwenye jicho lake la kulia na kulifunika.

"Nilivuta, Nang," alisema Joven. "Naapa nilivuta. Nilivuta kwanza, halafu nikatoa..."

"Ulivuta mgongo kwanza?"

Kijana alitazama chini. "Mgongo kwanza."

"Halafu tumbo."

"Halafu tumbo." Akaanza kulia, na hakuna aliyemcheka, hata Teryo.

"Wote kwenye pipa," alisema Hepe kwa sauti ndogo. "Mmoja mmoja. Na mimi pia."

Ikachukua asubuhi nzima, kama Nang Tiva alivyoogopa. Tumbo, mgongo, angalia, kidole, angalia tena. Jua likapanda. Akawasimamia wote mpaka akabaki peke yake, akaifanyia yake mwenyewe bila haraka, akaishika mgongo ukiwa wazi, mdomo kwenye mchanga, akamgeukia Hepe.

"Imeangaliwa?" aliuliza Hepe.

"Mara mbili."

"Kidole?"

"Kidole."

"Na magazini?"

"Hiyo hapo, kwenye benchi."

Hapo tu ndipo Hepe alipoinama. Alikaa ameinama muda mrefu.

"Nang Tiva," alisema, bado yuko chini. "Kwa nini saini yangu inatembea?"

Teryo alitoa sauti kama puto linalotoka hewa.

"Ni sisimizi, Hepe."

"Sisimizi wanatafuta nini kwenye saini yangu?"

"Biko," alisema Nang Tiva, kisha akamweleza yote, fimbo, kitambaa, ulimi, kibanio cha nyusi, bila kujitetea na bila kumtaja shemeji. Alimwambia pia kwamba asubuhi alinyamaza makusudi, kwa ajili ya ile biko, na kwamba hilo ndilo linalomuuma. "Ulisema hata awe mtunza silaha. Basi andika, Hepe. Mimi nitasubiri kama yule mwenye binti."

Hepe aligusa G kwa kidole. Ikabanduka, ikamng'ang'ania kidoleni. Akainusa. Akailamba.

"Nani amepika hii?"

"Mke wangu, Hepe," alisema Teryo, akijisahau kabisa.

"Tui halitoshi." Alikuwa bado ameishika ile risasi mkono wa kushoto, ameifumbata. Alinyanyuka, akajinyoosha, akavuta pumzi. "Kikosi! Ng'oeni selotepu. Zote. Zikunjeni mtupe kwenye pipa. Na hii iliyoninasa kidoleni pia."

Zikang'olewa. Pipa likajaa vikaratasi vilivyokunjwa na nusunusu za G. Sisimizi, ambao si wajinga, wakahamia huko.

"Sasa," alisema Hepe, "kuna mtu yeyote anayeona selotepu iliyotoboka?"

Askari walichungulia pipani kwa makini yote.

"Naona zilizochanika tu, Hepe," alisema Teryo. "Na aliyeamuru zichanwe ni wewe."

"Basi faili la kwenda mkoani ni langu. Na mimi sina kalamu." Akamgeukia kijana. "Wewe, Joven, mpaka Nang aondoke utakuwa unalala na kuamka na pipa hili."

Mwisho wa Februari Nang Tiva alistaafu, faili lake jeupe, na kabla mvua hazijaanza kibanda cha batchoy kilikuwa kinatoa moshi. Polisi walikuwa wateja wake wakubwa. Pembeni ya mlango aliweka ndoo kubwa ya mchanga na kasha la chuma lenye kufuli: hakuna anayekaa mezani kwake na bastola kiunoni. Unasimama kwenye ndoo, tumbo, mgongo, kidole, unaiweka kwenye kasha, ufunguo unabaki kwake, ndipo bakuli linakuja.

Siku moja Hepe alifika na njaa kali, akaipita ndoo akilielekea kasha moja kwa moja.

"Leo niachie, Nang. Nimeikagua kituoni sasa hivi. Tupu kabisa."

Nang Tiva hakumjibu. Alichukua sahani ya biko iliyokuwa kaunta, akafunua kawa, akaiinamia, na akapuliza pole pole, kama anayepoza uji.

Hepe alirudi kwenye ndoo.